Tupeane uzoefu: ulifanya kazi gani kabla ya kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara), na ilikusaidia nini?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza digrii ya biashara, anataka kuunganisha MBA papo hapo. Mimi namwambia akafanye kazi kwanza. Hata Harvard, kwenye mpango wao wa 2+2, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akikubaliwa hufanya kwanza kazi angalau miaka 2 ndipo aingie darasani.

Naanza. Nilikuwa afisa mikopo Mbeya. Kuna mama wa viazi pale Mwanjelwa, kila siku ya marejesho hana kitu, wenzake wa kikundi wanamchangia huku wamenuna. Nikakaa naye chini na daftari lake. Faida ilikuwepo! Ila mnunuzi wake wa Dar alikuwa anamlipa baada ya siku 10, na sisi tunadai kila wiki. Miaka mitatu baadaye mwalimu akafundisha tofauti ya faida na fedha mkononi, mimi namwona yule mama kabisa. Insha yangu ya maombi niliandika habari yake.

—Mkuu, mzuie. Mimi niliunganisha. Darasa la jioni, wenzangu wanatoka benki na bandarini. Ukija mfano wa kiwanda wa kujadili darasani, wao wanasema "kwetu tulifanya hivi", mimi nimebaki na kitabu. Kwenye kazi za kikundi nikawa wa kupanga slaidi tu. Halafu kwenye usaili naulizwa: umewahi kusimamia watu wangapi? Iliniuma sana.

—Mimi nilikuwa duka la vitenge la mama, Kariakoo, nikidhani hiyo si kazi ya kuandika kwenye fomu. Ni kazi! Nilianzisha kuhesabu stoo kila Jumamosi, tukajua mzigo unapotelea wapi. Tatizo lilikuwa barua ya mwajiri, maana mwajiri ni mama mzazi. Nikamwomba msambazaji wetu wa jumla aniandikie, ikapokelewa.

—Niko Nairobi. Ushauri mmoja: matokeo ya GMAT, ule mtihani ambao vyuo vingi hutumia kuchagua wa MBA, yanadumu miaka 5. Afanye mtihani sasa hesabu zikiwa bado kichwani, ndipo aende kazini.

—Hilo la GMAT sikuwa nalo, asante sana ndugu. Dogo yuko hapa pembeni anasoma, anauliza: kujitolea bila mshahara kunahesabika? Mliopitia huko, karibuni.