Seva yangu ya C hufa kila siku ya nne, kosa namba 24. close() nimeweka, tatizo liko wapi?

KijanaWaArua
Wakubwa, salaam. Niko Mbale, nimepewa kazi ya kuandika programu ndogo ya kupokea uzito wa magunia ya kahawa ghalani. Gunia likiwekwa kwenye mizani, mizani inafungua muunganisho mpya, inatuma namba ya mkulima na kilo, halafu inasubiri seva ikate ndipo ikubali gunia jingine. Seva yenyewe ni Linux kwenye kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza ya karani.

Siku tatu za kwanza kila kitu safi. Ya nne, kabla ya chakula cha mchana, accept() inaanza kurudisha -1, errno 24, EMFILE, yaani programu imefungua vitu vingi mno. Nikizima na kuwasha, inapona. Tunapima magunia 300 hivi kwa siku.

Kuna na la pili, sijui kama yanahusiana: mizani haijui kwamba seva imeshakata. Inangoja sekunde 30 mpaka ichoke yenyewe. Vibarua wamejitwika magunia, macho yote kwangu.

```
for (;;) {
    int c = accept(s, NULL, NULL);
    if (fork() == 0) {
        pokea(c);
        close(c);
        _exit(0);
    }
}
```

close(c) si hiyo hapo mnaiona?

BodaWaLinux
Ongeza tu kikomo cha vitu programu inavyoweza kufungua, ssebo. `ulimit -n 65536`, washa seva, kanywe chai. Mimi nilifanya hivyo kwa mteja mmoja, mpaka leo hajanipigia simu.

Nnyabo_wa_Seva
Boda, kwa magunia 300 kwa siku hiyo 65,536 inamfikisha siku mia mbili na kitu. Itakufa msimu mwingine, naye keshasahau msimbo wake mwenyewe.

Kijana, tuhesabu. Kila faili au muunganisho unaofunguliwa hupewa namba, ndiyo diskripta. Namba 0, 1 na 2 zimeshikwa tangu programu inawaka. Soketi ya kusikiliza, ile `s` inayongoja miunganisho, ni 3. Faili la logi, nadhani, ni 4. Kikomo cha kawaida ni 1024, kwa hiyo namba ya mwisho ni 1023. Zinabaki 1,019. Gawanya kwa 300 uone kama hujaangukia siku ya nne kabla ya kula.

Maana yake hakuna hata soketi moja inayofungwa na mzazi. Ukiita fork(), programu (mzazi) inazaa nakala yake (mtoto), na mtoto anapata nakala ya kila diskripta. Ni kama chumba cha gesti chenye funguo mbili: mtoto amerudisha wake mapokezi, mzazi bado ana wake mfukoni. Kwa kerneli, kiini cha Linux, chumba kina mtu. Na hapo ndipo mizani yako inapokwama: seva haitumi ishara ya kukata mpaka ufunguo wa mwisho urudi. Ugonjwa ni mmoja, unatokea sehemu mbili.

Weka `close(c);` upande wa mzazi, baada ya mabano ya mtoto.

KijanaWaArua
Asante dada. Lakini naogopa: mzazi akifunga wakati mtoto bado anapokea kilo, si atamkatia katikati?

Nnyabo_wa_Seva
Hapana. close() inarudisha ufunguo wake tu. Inayokata muunganisho wenyewe, bila kujali nani mwingine ameshika, ni shutdown(). Hiyo usiiguse kwa mzazi.

Na kwa mtoto, kitu cha kwanza iwe `close(s)`. Asipofunga, siku utakayoizima seva huku mtoto mmoja amekwama, ukiiwasha tena bind(), inayoshika anwani ya seva, itakuambia anwani inatumika na utatafuta mchawi bure.

Mzee_wa_Jinja
Naongeza mawili, maana nimeona vijana wengi wakiumia hapa.

Kuna wanaoandika kitanzi: close() ikirudisha EINTR (imekatizwa katikati), iite tena. Kwenye Linux usifanye hivyo. Namba imeshaachiliwa hata kama jibu ni kosa, na kerneli hugawa namba ndogo kabisa iliyo wazi. Ukiwa na nyuzi (threads) kadhaa ndani ya programu moja, uzi mwenzako unafungua faili, anapewa 7, wewe unarudia kufunga 7. Umefunga la mwenzako. Kosa la namna hiyo hutokea mara moja kwa wiki na halitokei ukiwa unaangalia.

La pili: close() haimaanishi kilo zimefika kwenye diski. Umeme wa huku tunaujua. Kama rekodi ya mkulima ina pesa ndani yake, ita fsync(), inayolazimisha data iandikwe kwenye diski, kwanza, uangalie jibu lake, ndipo ufunge.

waitpid(), ya mzazi kupokea taarifa za watoto waliomaliza, sijaiona pia; utakuwa na maiti wengi kwenye `ps` (orodha ya prosesi), lakini hayo yafungulie mada yake.

KijanaWaArua
Mrejesho. Nimeweka close(c) kwa mzazi na close(s) kwa mtoto, nikaiacha tangu Jumatatu. Leo Ijumaa, ghala limefungwa, nimeangalia `ls /proc/PID/fd` ya mzazi, kwa namba yake ya prosesi:

```
0  1  2  3  4
```

Tano tu! Na mizani inaachia papo hapo. Kibarua mmoja ameniuliza kama nimenunua mpya. Nimekubali sifa. Banange, siku mbili nilikuwa nalaumu waya.

BodaWaLinux
Samahani, hiyo ya /proc inaonyesha zote zilizo wazi kwa sasa hivi? Nimeingia kwa yule mteja wangu, nikaweka `| wc -l` mbele yake. Imetoa 41,306.

Nnyabo_wa_Seva
Leta msimbo.