Mtoto akieleza hesabu kwa mikono nimzuie au nimwache?

mwl_chamwino: Habari za jioni wadau, hasa walimu wenzangu. Nafundisha hesabu darasa la nne huku Chamwino, na utaratibu tulioukuta ni mtoto akisimama kujibu mikono iwe nyuma, ndo adabu. Sasa nina binti mmoja mikono ikiwa nyuma anakwama kabisa, nikimwambia haya eleza unavyotaka anachora hewani, anaikata meza pande mbili kwa kiganja, jibu linakuja. Wenzangu wanasema namdekeza, kwenye mtihani atafanyaje. Mwenye uelewa anisaidie, sitaki kumharibu mtoto wa watu.

msomi_udom: Mwalimu mwache, tena mwangalie hiyo mikono vizuri. Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago anaitwa Susan Goldin-Meadow, hili ndo eneo lake miaka mingi. Watoto wanapewa swali kama 4+3+6=__+6, wengi wanajumlisha kila namba wanayoiona au wanaandika 13 wanaishia hapo. Ila kuna wale mdomo unasema "nimejumlisha zote" huku mkono unapita upande wa kushoto, unasimama, halafu unaenda wa kulia, yaani mkono ushaona kuna pande mbili na mdomo bado. Hao wakifundishwa wanashika haraka kuliko wenzao. Mwaka 2009 yeye na wenzake wakawaelekeza watoto waweke vidole viwili chini ya 4 na 3 halafu kimoja kwenye nafasi iliyo wazi, hamna aliyewaambia hizo mbili ndo za kujumlisha, lakini wapo walioanza kueleza hivyo wenyewe. Na mikono inapunguza mzigo kichwani, mtu akieleza hesabu huku anaitumia anakumbuka vizuri zaidi vitu vingine alivyoambiwa avishike akilini.

mama_nkuhungu: Sasa hapo si anaiga tu wakubwa? Nenda Majengo sokoni uone, mtu hapangi bei mikono ikiwa imetulia.

jirani_buigiri: Dada angu sio kuiga. Mwaka 1998 walichunguza watu waliozaliwa hawaoni, hawajawahi kuona mkono wa mtu ukitembea, na bado walipoongea walitumia mikono, hata walipojua anayewasikiliza naye haoni. Mimi nakaa karibu na shule ya wasioona Buigiri ndo maana hili lilinigusa sana nilipolisoma.

msomi_udom: Kweli kabisa. Na mwalimu kuhusu mtihani, watoto waliofundishwa huku wanatumia mikono walipopimwa tena baada ya wiki 4 walikuwa bado wanakumbuka kuliko waliotumia mdomo tu. Halafu hakuna msimamizi anayekataza mtoto kusogeza vidole juu ya dawati lake.

mwl_chamwino: Asanteni sana, Mungu awabariki. Jumatatu naandika hilo swali la 4+3+6 ubaoni, kila mtoto aje aeleze mikono ikiwa huru, nami nakaa pembeni na daftari naandika mdomo umesema nini na mkono umeonyesha nini.