Mrejesho: mkono wa kiroboti kinachogeuka gari umekaza

Habari zenu wakuu. Niliuliza kuhusu kiroboti cha mwanangu, kile cha njano kinachogeuka gari, ambacho mkono ulilegea hadi ubavu wa gari ukawa haufungi. Nawashukuru sana, kimepona.

Ushauri wa rangi ya kucha isiyo na rangi ndio uliofanya kazi. Nilichomoa mkono, nikafuta vumbi na mafuta kwenye kile kigololi cha kiungo, nikapaka tabaka jembamba na kuacha likauke usiku kucha. Hapo msiwe na haraka: rangi ikiwa mbichi inagandisha kiungo, na ukilazimisha, plastiki inakatika. Supaglu niliikwepa kwa sababu hiyohiyo. Kurudisha mkono kulikuwa kugumu, nikachovya upande wa tundu kwenye maji ya moto, plastiki ikalainika, kigololi kikaingia.

Aliyeuliza kama ni Bumblebee wa zamani, yule kiroboti wa njano wa Transformers, hapana. Yule wa 1984 aliyeuzwa na Hasbro, kampuni ya Marekani ya vitu vya kuchezea, kwa umbo lililotoka kampuni ya Takara ya Japani, anageuka Volkswagen Beetle ndogo. Wala rangi pekee si ushahidi, maana alitolewa wa njano na mwekundu pia. Chetu ni gari la michezo lisilo na nembo yoyote, na nakipenda hivyohivyo. Mtoto anakigeuza kutwa nzima.

Limebaki tairi moja la nyuma, linaburuta badala ya kuzunguka. Mwenye ujuzi nalo anisaidie tafadhali.