Tupeane uzoefu: ulipona wewe, mwenzio yakamkuta. Ulijiambia nini?

Mwana wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Mvua imenifungia ndani hapa Mikindani, Mtwara, umeme umekata, nimebaki na chaji ya robo na swali ambalo nimekaa nalo tangu 2019. Naomba tupeane uzoefu, si kubishana dini.

Wengi mnaikumbuka ile Alhamisi ya tarehe 25 Aprili. Tumetangaziwa Kimbunga Kenneth kinakuja, shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, watu wa ufukweni na mabondeni tumeambiwa tupande juu. Sisi tulipakia magodoro kwenye guta, mama kabeba msahafu na kibubu chake, mimi nimekamata kuku wawili. Tukalala kwenye darasa la shule ya msingi, watu kama sabini, watoto wanalia, wazee wanavuta nyuradi. Sijawahi kusikia watu wakiomba namna ile. Hata jirani yetu mmoja, ambaye gongo ndiyo chai yake, siku hiyo aliitikia amina kuliko wote.

Usiku ukapita. Mvua ilinyesha, upepo ukavuma, basi. Asubuhi tukashuka na magodoro yetu.

Jioni ya Ijumaa ikasomwa hitima ya shukrani mtaani kwetu, pilau la kutosha. Shehe akasema dua zetu zimepokelewa, Mola amekigeuza kimbunga. Watu wakaitikia. Mama yangu alikuwa pembeni na wanawake wenzake, nikamwona kafunga mdomo. Mama ni Mmwani, kwao kisiwa cha Ibo, Msumbiji. Kimbunga hakikuyeyuka hewani, kiliingia Cabo Delgado jioni ile ile tuliyokuwa darasani. Ibo nyumba karibu zote ziliharibika, na Msumbiji walikufa watu zaidi ya 40. Simu ya mama mdogo haikupatikana siku sita.

Usiku, wakati anasugua sufuria, mama akaniuliza bila kuniangalia: "Kwani Ibo hawakuomba?"

Mama mdogo alipona, paa lake likaenda lote. Mtoto wa jirani yake hakupona. Mpaka leo sijamjibu mama. Kama una stori ya namna hii ilete, hata kama haina kimbunga ndani. Iwe yako, si ya "kuna jamaa mmoja".

Hewa Tu

Upepo hauna masikio, mkuu. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuusokota upepo uwe kimbunga, ndiyo maana sisi tunavisikia vya wenzetu wa kusini zaidi. Mtwara iko nyuzi 10 kusini, Ibo 12. Nyuzi mbili tu. Mjibu mama hivyo.

Mwana wa Mikindani

Nimekuelewa. Ila mama hakuuliza upepo ulipita wapi. Aliuliza lile pilau lilikuwa la nini.

Mnazi Mkavu

Huku Lindi babu yangu mzaa mama anacho chake, cha Aprili 1952. Hicho hakikupita pembeni, kiliupiga mji wenyewe. Yeye alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Anasema minazi ililala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kwao walipona, nyumba ya tatu kutoka kwao wakazika. Nilishamuuliza anadhani kwa nini, akaniambia, "Sikuulizwa kabla, nitajibu nini baada?" Kisha akaomba kahawa. Nilitegemea hekima, nikatumwa kahawa.

Boda wa Mkanaledi

Yangu sijawahi kuiandika popote.

Ilikuwa 2021, msimu wa korosho, saa moja jioni, tuko kijiweni. Mteja kaja kwangu moja kwa moja, anakwenda Naliendele. Mimi nilikuwa nakula pweza na muhogo wa kukaanga, vidole vimejaa pilipili. Nikamwambia mwenzangu, "Mpeleke wewe, mimi namalizia hapa." Akacheka, akawasha.

Lori bovu lilikuwa limeegeshwa barabarani bila taa, bila hata jani. Mteja alichubuka mikono. Mwenzangu walimkata mguu juu ya goti.

Siku ya nne mjomba wake akaja kutoka Tandahimba. Mnajua kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, baba ni mgeni wa heshima. Akanikuta nimekaa kwenye mkeka na watu wengine, akanisalimia vizuri, halafu akaniuliza neno moja tu: "Ulijuaje?"

Watu wote kimya. Hakuwa anauliza habari ya pweza. Alikuwa anauliza nilijuaje kwamba safari ile isiendewe.

Nikaapa, nikalia. Lakini kuanzia siku ile kijiweni nikawa nikikaa, benchi linapata nafasi. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimefunga tairi mpya mbili, hela ya mchezo. Ikawa ushahidi: kamtoa mwenzie, kapata tairi.

Kinachoniumiza si hao. Ni kwamba na mimi nimeanza kujiuliza. Kila nikiikumbuka jioni ile, naona kama njaa haikuwa kali kiasi hicho. Kwa nini sikunawa mikono nikaenda? Elfu tano niliiachaje? Akili inatafuta kitu, na ukiitafutia inakuletea.

Sasa kuna hili, nisaidieni. Kila Jumamosi nampelekea elfu kumi. Hajawahi kuniomba. Mke wangu ananiambia niache, kwa sababu watu wanasema hiyo ni hela ya kunyamazisha. Nikitoa nimekiri, nikiacha nimekuwa mnyama. Mwenyewe mwenzangu ndiye pekee anayenitania. Nikifika tu: "Hivi yule pweza alikuwa mtamu?"

Mwalimu wa Zamu

Boda, pole sana. Usiache kupeleka.

Swali la huyo mjomba lina historia. Miaka ya 1920 Mwingereza Evans-Pritchard alikwenda kuishi na Wazande, kusini mwa Sudan, na akakuta jambo ambalo sisi hatulioni geni. Ghala la nafaka limesimama kwenye nguzo. Watu wamekaa chini yake kukimbia jua. Nguzo zimeliwa na mchwa, ghala limewaangukia. Mzande anawajua mchwa vizuri kuliko huyo Mwingereza, wala habishi kwamba nguzo zililiwa. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, na kwa nini wawe chini wale na si wengine. Mwingereza anasema ni mambo mawili yamekutana tu. Mzande anasema kukutana nako kuna aliyekukutanisha, na huyo ni mchawi.

Hewa Tu hapo juu ametujibu habari ya mchwa. Mjomba anataka habari ya pili.

Mimi binafsi naliheshimu sana swali, jibu lake ndilo linanitisha, maana lazima liishie kwenye jina la mtu. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa kosa la macho mekundu, na macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Hapa kwetu Boda amepona kwa kunyimwa benchi tu. Bora "sijui" kuliko jina.

Masasi Kwetu

Kwenye Luka 13 kuna mnara ulianguka Siloamu ukaua watu 18. Yesu akawauliza, mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, hapana. Nimesali Masasi tangu utoto na kwenye mazishi sijawahi kusikia likihubiriwa. Nadhani halifariji.

Ustadhi Mdogo

Kwetu ni nguzo ya sita ya imani, kuamini kadari, heri yake na shari yake. Halitupati ila tuliloandikiwa. Naamini hivyo na nitakufa hivyo. Lakini nimeona tunavyoitumia: mguu wa mwenzio ukikatwa ni kadari, pikipiki yako ikiibiwa unakwenda polisi.

Hewa Tu

😂 Ustadhi leo umenifurahisha.

Kangomba Mstaafu

Mimi nakuja na ya aibu. Jina langu linajieleza.

Kwa wasio wa kusini: kangomba ni kumkuta mkulima wakati wa njaa, kabla ya msimu, unampa hela kidogo au unga, anakulipa korosho kwa bakuli zikishaanguka. Bakuli lenyewe unakuja nalo wewe. Ni haramu kisheria na kila kijiji kinajua nani anafanya.

2018 tulifanya wawili, mimi na rafiki yangu, kila mmoja na magunia yake kama ishirini. Msimu ulipofika bei za wanunuzi zikawa za kutupa, wakulima wakagoma kuuza. Novemba serikali ikatangaza inanunua yenyewe, 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kusomba. Usiku ule tulikaa tunapiga hesabu mpaka mafuta ya taa yakaisha. Kumbe kuna uhakiki. Unapeleka magunia, unaambiwa twende ukatuoneshe shamba lilikotoka.

Mwenzangu ana mjomba mwenye mikorosho mikubwa. Akawapeleka, akaonesha mti mmoja mmoja, na historia ya kila mti akatoa. Akalipwa. Mimi mama yangu ni wa mjini, mjomba wangu ni fundi cherehani, ningewaonesha nini? Nikakimbia. Magunia yakabaki ghalani hayana mwenyewe, na habari ikatoka.

Leo mwenzangu ana nyumba ya bati na ndiye mtunza fedha wa kila kamati pale kijijini, harusi, msiba, mpaka visima. Mimi nikipita watoto wananiita Bakuli. Dhambi moja, magunia sawa. Tofauti ni mjomba.

Miaka mitatu nimezunguka na hasira hiyo, kwamba sikutendewa haki. Mwaka juzi kuna mama mmoja mjane akanisimamisha njiani akaomba lifti. Nilichukua kwake magunia matatu kwa hela ya sare za shule. Hakuyapata tena kwangu, asingeyapata kwa mwenzangu. Njia nzima ananisimulia habari za mguu wake, na mimi ndio kwanza nakumbuka kwamba kwenye hesabu zangu za haki huyu hakuwemo.

Nanyamba Moja

Kwa hiyo tukupe pole?

Kangomba Mstaafu

Hapana. Nimeulizwa uzoefu.

Boda wa Mkanaledi

Ulimrudishia?

Kangomba Mstaafu

Gunia moja. Bado mawili.

Doto wa Newala

Nimesoma yote, nimeandika na kufuta mara tatu. Haya.

Mimi ni Doto ambaye hana Kulwa. Kulwa alitoka kwanza, akaishi siku nne. Hilo nimelijua tangu najua kusema, halikuwa siri nyumbani.

Kanga zinauzwa doti, vipande viwili. Kila Idi mama alinunua doti moja, akakata katikati, kipande kimoja akanipa, cha pili akakunja akakiweka kwenye sanduku la bati. Nikiwa mdogo nilimuuliza ni cha nani, akasema, "Cha mwenyewe." Nikaona ni jibu zuri tu, kama unavyoambiwa sahani hii ya baba.

Nilipoolewa, 2015, akanipa lile sanduku. Vipande kumi na tisa. Vyangu vyote vilishachakaa, vingine nimefanyia nepi na madekio. Vyake vipya, vina harufu ya kafuri na karafuu.

Usiku huo ndipo akaniambia kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Alikuwa amedhoofu, maziwa hayakutosha watoto wawili. Aliyemzalisha akamwambia, "Mnyonyeshe huyu anayevuta vizuri." Akafanya hivyo.

Nilikuwa navuta vizuri, wakuu. Ndilo kosa langu, kama ni kosa. Sikumkosea mtu na nimekula chakula cha mtu.

Mama mkwe anasema nivae, kanga haizikwi. Mume wangu anasema nitoe sadaka. Nikivaa nahisi nimeazima bila kuomba. Nikitoa, nimemwamulia, na aliamuliwa vya kutosha. Sanduku liko uvunguni. Juzi nimeona vinyesi vya panya pembeni yake, nikashtuka kuliko inavyostahili.

Mwalimu wa Zamu

Dada Doto, sina la kuongeza. Tafuta dawa ya panya kwanza.

Masasi Kwetu

Mwalimu 😅 lakini kweli.

Ustadhi Mdogo

Dada yangu, mama bado yuko hai? Kama yupo, mwulize yeye. Pengine alikupa sanduku ili apumzike, si ili ulilinde.

Doto wa Newala

Yupo. Ana sukari, macho yanafifia. Kumwuliza hilo naogopa.

Mwana wa Mikindani

Umeme umerudi na mimi nimerudi. Nimezisoma zote kwa mama kwa sauti, isipokuwa ya Kangomba, maana angeanza kuuliza kijiji gani. Ya Doto aliniambia niirudie.

Baada ya hapo akanyamaza, halafu akaniambia nimpigie mama mdogo. Kampigia usiku usiku, wameongea Kimwani dakika ishirini, vocha yangu. Mimi nashika maneno machache. Alipomaliza nikaomba na mimi niongee. Nikamuuliza: mama mdogo, ile siku ya kimbunga, nyie mlikuwa mnaomba nini?

Akacheka. Akasema siku ile habari iliyowafikia ni kwamba kinakwenda Mtwara. Wakakusanyika toka mchana, wakawa wanatuombea sisi.