Wauza spea wa "zinaingia tu", mnatuharibia pikapu za zamani kwa saiti mira zenu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Datsun 1200 pikapu ya 1978 aliyotuachia mzee. Injini A12 inawaka kwa funguo moja, bodi imenyooshwa, rangi nimeirudisha ile ile krimu ya kiwandani. Kilichobaki ni saiti mira, yaani vioo vya pembeni, na vyangu ni vile vya kufungwa kwenye fenda, bati la mbele juu ya tairi, si vya mlangoni. Vioo tu jamani! Hapo ndipo nilipojua kwamba mjini hapa kuna watu wanaendesha maisha kwa neno moja: "zinaingia".

Unakwenda maduka ya spea ya Gerezani, Dar, unaeleza vizuri kabisa: nataka saiti mira za fenda za Datsun 1200, za miaka ya 70, za kromu, tako (kile kikalio cha chini kinachofungwa kwenye bodi) la chuma. Kijana wala haulizi gari lina tundu wapi. Anazama nyuma ya duka, anarudi na za pikapu ya Nissan Hardbody. Hardbody! Gari lililoanza kutoka katikati ya miaka ya 80, wakati Nissan wanamalizia kulifuta hilo jina la Datsun lenyewe. Ukizikataa anakuletea nyeusi za plastiki za Nissan 1400: "Braza, hizi za Sauzi, gari ni lile lile." Sawa, bodi ni ile ile, Sauzi waliendelea kuliunda mpaka 2008, hilo sibishi. Ila plastiki nyeusi ya miaka ya mwisho kwenye gari lenye bampa la kromu ni sawa na mzee wa kanzu na koti aliyetinga yeboyebo. Ukimwambia hivyo anakuangalia kama umechanganyikiwa. "Si unataka kuona nyuma tu?"

Sasa kilichonifikisha hapa. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, anasifiwa sana kwenye magrupu ya magari ya zamani. Akaniambia anazo jozi orijino za Japani, zimetoka kwenye kontena wiki hiyo hiyo. Picha safi, kioo kinameremeta. Laki na themanini, nikatuma. Boksi likafika, nafungua: zote mbili za kulia.

Kwa ambao hawajawahi kuzishika: saiti mira ya fenda ina upande wake. Fenda inateremka kuelekea nje, kwa hiyo tako la kioo limekatwa mshazari kufuata huo mteremko. Ya kulia ukiifunga kushoto, shina linalala nje. Ukiligeuza nyuma mbele, matundu ya bolti hayakutani. Nilizungusha kile kiungo cha kichwani mpaka kikagoma, nikakaa kwenye usukani kuangalia: naona mwembe wa jirani na mawingu. Bodaboda aliyesimama nyuma yangu anapiga honi simuoni kabisa.

Hata hiyo ya kulia iliyokaa mahali pake ni takataka. Nimepitisha kucha kwenye "kromu", ikabanduka ngozi nzima, chini plastiki ya kijivu. Sumaku haishiki popote. Najua zipo za zamani za madini ya kumiminwa ambazo nazo sumaku haishiki, ila zile ukizibeba mkono wenyewe unakwambia. Hizi nyepesi hata boksi lake lina uzito kuziliko. Nyuma hakuna jina la mtengenezaji, wakati nyingi za Kijapani za enzi hizo utakuta limepigwa mhuri, kama Ichikoh na wenzake.

Kilichonikera zaidi ni kioo chenyewe. Bapa! Mtu amekata kioo cha kujitazamia akakibandika kwa gundi. Kioo cha mlangoni kiko karibu na jicho, kikiwa bapa upande wa dereva unaendesha vizuri tu. Cha fenda kiko mbali, pale mbele juu ya tairi. Kikiwa bapa kinakuonyesha upenyo wa barabara tu. Ndiyo maana cha fenda kinatakiwa kiwe cha mbinuko. Kina kasoro yake, gari la nyuma linaonekana liko mbali kuliko lilivyo, lakini unaliona. Huyu ameuza kitu ambacho siku moja kitamgongesha mtu Mandela Road, halafu nikimpigia ananijibu "mali ikishauzwa hairudishwi". Nilipomtumia picha ya matako mawili yaliyokatwa upande mmoja, akanibloku.

Na fundi naye! Nilimwambia asiguse mlango mpaka nipate vioo vinavyotakiwa. Narudi gereji nakuta ametoboa milango yote miwili, amefunga saiti mira za mlangoni alizozitoa kwenye gari gani sijui, kwa skrubu za bati, bila mpira chini ya tako. Eti "bosi, nimekusaidia, za fenda zimepitwa na wakati". Bati la 1978 lisilo na doa la kutu, sasa lina matundu manne yenye kingo mbichi. Maji yatapita humo yashuke ndani ya mlango, na kutu ya ndani mnaijua, unaiona siku imeshatokeza nje. Alipoona nimenyamaza akaniomba hela ya skrubu.

Naona mkuu mmoja ameshaanza huko chini kwenye komenti kwamba pikapu hizi zilikuja na vioo vya mlangoni, mimi nalazimisha mambo. Mkuu, inategemea gari liliundwa kwa soko gani. Kwa Wajapani wenyewe sheria ilidai vioo vya fenda mpaka 1983 ndipo vya mlangoni viliporuhusiwa. Yaliyouzwa nje mengi yalikuja na vya mlangoni, na mara nyingi cha dereva peke yake, cha kushoto ulikuwa unajinunulia. La kwangu lililetwa na mtaalamu wa Kijapani, mzee akalinunua alipomaliza mkataba. Fenda zake zina matundu ya kiwandani, yana kingo laini na rangi ya mwanzo imeingia mpaka ndani. Tundu la fundi halina rangi ndani. Kabla hujanunua chochote toa plagi za mpira kwenye fenda, chungulia, gari litakujibu lenyewe. La kwako likiwa la soko la nje, tafuta cha mlangoni cha kromu chenye shina fupi na usiniige mimi.

Wenzetu wa Land Rover 109 mna raha zenu, Uingereza mpaka leo wanawatengenezea vipuri. Sisi wa Datsun tunaokota.

Kwa hiyo: natafuta ya fenda ya kushoto, na ya kulia kama unayo pia nachukua. Kioo kikiwa na madoa sawa, hilo linatibika, kinakatwa kingine cha mbinuko. Kromu ikiwa na vipele sawa. Shina likiwa limepinda usinyooshe, niletee hivyo hivyo. Nitumie kwanza picha ya tako kwa chini na rula pembeni, bei tutaongea baadaye. Ukianza na "zinaingia hizo mkuu", sikujibu.