Mikoa 31 imekuwa 62 baada ya kuendesha db:seed kwenye seva: naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mfumo wa kusajili wakulima kwa Laravel (zana ya kujengea programu za wavuti kwa PHP) na MySQL (hifadhidata). Juzi niliendesha php artisan db:seed (amri ya kuingiza data za mwanzo) kwenye seva kwa mara ya pili ili niingize orodha ya mazao, na leo asubuhi karani amenipigia simu kwamba Songwe inaonekana mara mbili anapochagua mkoa. Nilipohesabu, jedwali la mikoa lina mistari 62. Vilevile niliongeza safu ya simu ndani ya faili la zamani la maigresheni (maelekezo ya kuunda au kubadilisha majedwali), lakini nikiendesha migrate, amri ya kuyatekeleza, naambiwa hakuna cha kuendesha. Mwenzangu ananishauri nitumie migrate:fresh --seed. Usajili umeshaanza, nifanyeje?

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana, mkuu. Nakusihi usiiguse hiyo migrate:fresh, kwa sababu inafuta majedwali yote, wakulima wako wakiwemo, kisha inayajenga upya. Kuhusu safu, Laravel huweka kwenye jedwali la migrations jina la kila faili lililokwisha kuendeshwa pamoja na namba ya mkupuo wake, na jina likishakuwamo humo, faili hilo halisomwi tena hata ulibadilishe vipi. Lirudishe lilivyokuwa, unda jipya kwa make:migration, na safu hiyo iruhusu kuwa tupu, maana wakulima waliokwisha kusajiliwa hawana namba ya simu. Ukiongeza --pretend kwenye migrate utaonyeshwa SQL yenyewe, yaani amri zinazotumwa kwenye hifadhidata, kabla haijatekelezwa.

Mchangiaji wa pili
Naongezea la mikoa. Chukua nakala ya hifadhidata kwa mysqldump kwanza. Usikimbilie kufuta namba 32 hadi 62, kwani huenda kuna wakulima waliosajiliwa chini yake tangu juzi. Wahamishie kwenye namba za awali, ndipo ufute. Kisha jina la mkoa liwekee sharti la kutojirudia, na kwenye faili la data za mwanzo badilisha insert, inayoongeza mstari mpya kila mara, iwe updateOrCreate, inayosasisha mstari uliopo au kuunda mpya kama haupo. Ukihitaji mazao tu, taja darasa lake kwa --class unapoendesha db:seed. Jambo jingine: katika MySQL, maigresheni ikikwama katikati, mabadiliko ya majedwali yaliyotangulia hayarudi nyuma, tofauti na hifadhidata ya PostgreSQL ambako hurudi, kwa hiyo kila faili libebe badiliko moja.

Mwanzisha uzi
Nashukuruni sana. Wakulima 9 walikuwa chini ya Songwe ya pili, nimewahamisha wote. Nimeendesha db:seed mara mbili kwenye nakala ya majaribio, na mikoa imebaki 31.