Nimemaliza Mfalme Edipode, nisome nini sasa? Naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Mi ni mtu wa riwaya za upelelezi tu, sasa mshkaji kaniazima Mfalme Edipode, ile tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale aliyoitafsiri Samuel Mushi, aisee ile nayo ni upelelezi mtupu, mfalme anamsaka muuaji kumbe ndo yeye mwenyewe!! Sasa nataka niendelee hukohuko kwa Kiswahili, nimepata Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Nyerere, na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, nianze na ipi? Halafu ile riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni ngumu kweli au mnatutisha tu? Mashairi hapana, bado sijafika huko. Na bajeti yangu ndogo, mwenye kujua wauza vitabu vya mtumba Dar aniambie.